Kuria na Foleni Yake Moja

Kuria alijua kwamba nilifika mlangoni kwa Mama Khurshid saa mbili na robo asubuhi, akanyamaza mbele ya watu waliosema nilifika saa nane na robo mchana. Hilo ndilo kosa nililotendewa. Yanayofuata ni maisha ya Kuria, ambayo nayajua kwa sababu kipande chake kikubwa alikiishi mezani kwangu.

Naitwa Kagendo. Shule niliiacha darasa la pili, nikapelekwa Nanyuki kulea watoto wa watu. Kuandika nimejifunza ukubwani, hapa Toronto, katika darasa la akina mama kanisani. Nikikosea neno nisamehewe. Saa sikosei. Aliyetumwa kazi katika nyumba za watu tangu utotoni hawezi kukosea saa.

Kuria alikuja miaka mitano iliyopita, mwezi wa Januari, amevaa viatu vyembamba kama vya bwana harusi. Mama yake na mimi tuliuza viazi soko moja. Alinipigia simu akasema, "Kagendo, mtoto anakuja huko kusomea kompyuta, na hana mtu." Nikamwambia ana mtu. Akalala kwenye kochi langu miezi kumi na minne, ghorofa ya tisa, barabara ya Dixon, ambako ndege hushuka karibu mpaka vikombe vinalia kabatini.

Alikuwa mpole, siwezi kumnyima hilo. Na alikuwa mtu wa mpango. Viatu vya mlangoni alivipanga kwa kufuata nani atatoka kwanza asubuhi, vyangu mbele, vyake nyuma. Kanisani, watu walipojaa mbele ya birika la chai baada ya ibada, yeye alisimama kando akiwatazama, kisha akamwendea mzee Elias anayesimamia chai.

"Mzee, birika halina shida. Sukari ndiyo inawakwamisha. Kila mtu anasimama pale akikoroga. Iwekeni meza nyingine."

Wakaiweka meza nyingine, na msongamano ukaisha. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Foleni, na yeye akalipenda jina.

Kwenye friji yangu alibandika karatasi ya ratiba yake, ili nijue lini nimwekee chakula. Aliiandika kwa saa zetu: darasa saa tatu, kazi ya dukani saa kumi, kurudi saa tatu usiku. Huko chuoni alitumia saa za Kiingereza, akiingia kwangu anazigeuza. "Anti," alikuwa akisema, "kichwa changu kina saa mbili, moja yako na moja ya profesa." Alipohama hakuibandua karatasi ile, na mimi sikuibandua. Bado ninayo.

Alipomaliza masomo, mimi ndiye niliyemwambia kwamba kampuni ninayofanyia kazi inatafuta watu wa kompyuta. Ni kampuni ya kuhudumia wazee majumbani. Mimi nilikuwa na mwaka wa sita pale: kuogesha, kuvalisha, kupika uji, kuhesabu vidonge. Wakamchukua. Kazi waliyompa ilikuwa kupanga seva. Kampuni ilikuwa inaacha karatasi na simu za mezani. Kila mfanyakazi, na tulikuwa zaidi ya elfu tatu, angepewa simu yenye programu ya kampuni. Ratiba humo, kuingia kazini humo, taarifa zote humo.

Jumamosi moja mchana alikuja kunitembelea, akanikuta nachambua maharagwe. Akatoa sufuria zangu tatu kabatini, akazipanga mezani.

"Anti, hizi ni seva. Kompyuta kubwa, zinakaa mbali. Zinapokea maneno ya simu zenu na kuyapeleka ofisini."

"Kwa nini tatu? Moja kubwa haitoshi?"

"Moja ikiungua, wageni watakula nini?"

Nikacheka. Yeyote aliyepika harusini anajua hilo.

Akachukua punje za maharagwe, akazipanga mstari mmoja kuelekea kwenye sufuria. "Na hii ndiyo foleni. Ujumbe ukifika seva zikiwa na kazi nyingi, haupotei. Unasimama hapa, unangoja zamu yake."

Nikatafuta punje moja nyekundu katikati ya zile nyeupe, nikaiweka mwisho wa mstari. "Na huyu? Huyu ni mgonjwa ameanguka. Naye anangoja nyuma ya huyu wa mbele anayesema tu kwamba amefika kazini?"

"Wote wanangoja, anti. Foleni ni haki."

"Haki ya nani? Zahanati ya kwetu, mama mwenye mtoto anayetetemeka hakupangwa nyuma ya mtu aliyekuja kubadilishiwa bendeji. Nesi alikuwa na mlango wa pili. Wewe mwenyewe umehamisha sukari kanisani, hapa unashindwa?"

Akaitazama ile punje nyekundu. Kisha akaivuta kando kwa kidole, akaianzishia mstari wake. "Anti, wewe ungekuwa injinia."

"Ningekuwa nimesoma."

Tukacheka sote wawili. Akachora mistari miwili kwenye karatasi, akaenda nayo.

Baada ya wiki tatu akaja tena kula, na hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Alisema mkubwa wake, Derek, ameipenda michoro. Lakini programu lazima ianze Septemba, na foleni ya pili inahitaji mashine nyingine na mwezi mmoja zaidi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaanza na moja. Ya pili tutaiongeza baadaye."

"Baadaye ni mwezi wa ngapi?"

"Anti, ni foleni ya haraka. Ujumbe unapita kwa sekunde mbili, tatu. Ukiona alama ya kijani, imeandikwa 'imetumwa', ujue imefika."

"Imefika ofisini?"

Hapo alitafuna kwanza. "Imeingia kwenye foleni. Ni karibu sawa."

"Basi mimi nitaandika saa ndani ya ujumbe wangu. Kila mara. Ukichelewa, ijulikane niliuandika lini."

"Andika tu," akasema, akicheka. "Nani atakukataza?"

Neno hilo la mwisho nililishika kama shauri jema, na ndilo lililonimaliza.

Niseme kidogo kuhusu Mama Khurshid. Alikuwa na miaka themanini na moja, mjane, mzaliwa wa Mwanza, akikaa peke yake katika jengo moja la Don Mills, karibu na jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimhudumia miaka minne, kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, na nikichelewa kidogo nilimkuta amekwisha kuweka vikombe.

"Saa mbili imepita dakika nne, binti. Chai imenuna."

"Nitaibembeleza, mama."

"Ibembeleze, halafu unibembeleze na mimi. Magoti yameamka vibaya."

Binti yake, Tazmin, alizaliwa hapa hapa. Ni mtu wa benki, anaishi mbali, mwenye heshima. Kiswahili cha mama yake alikisikia utotoni, lakini alijibu kwa Kiingereza. Alijua chai, njoo, pole, na kuhesabu moja hadi kumi.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba. Basi lilichelewa, nikafika mlangoni saa mbili na robo. Nikagonga. Kimya. Ndani redio ilikuwa inasoma habari. Nikagonga tena, nikaita, "Mama Khurshid! Ni mimi, Kagendo!" Nikasikiliza na sikio mlangoni. Redio tu.

Funguo hatupewi. Sheria ya kampuni ni kwamba mteja asipofungua, mfanyakazi hasumbui majirani wala mlinzi. Anatuma taarifa kwa programu, na ofisi inapiga simu kwa ndugu. Nikapiga namba ya zamani ya ofisi hata hivyo. Sauti ya mashine ikaniambia nitumie programu. Stika ya kuingilia kazini, inayosomwa na simu, imebandikwa ndani ya mlango, kwa hiyo hata kuonyesha kwamba nimefika sikuweza.

Nikaandika kwa Kiswahili, maana Kuria aliwaomba waruhusu kila mtu aandike kwa lugha yake na mashine itafsiri. Hilo lilikuwa jambo jema la Kuria, silifichi. Niliandika hivi: "Saa mbili na robo. Nimegonga, mama hafungui. Redio inasikika ndani. Tafadhali mpigieni Tazmin."

Alama ya kijani ikaja. Imetumwa.

Nilisimama pale kama dakika ishirini. Mzee Pyarali alikuwa ananingoja jengo la pili na sindano yake ya sukari, na alama ilikuwa ya kijani. Nikaondoka. Ningegonga kwa jirani. Ningemwita mlinzi na kazi iishie hapo. Kila siku nagonga mlango huo tena kichwani, na kila siku naondoka.

Kumbe saa mbili kamili ofisi ilikuwa imetuma ratiba mpya kwa simu zote elfu tatu, na kila simu ikajibu yenyewe kwamba imepokea. Sufuria moja ilikuwa imeondolewa motoni kufanyiwa matengenezo, mbili zilizobaki zikazidiwa. Foleni ikasimama. Ujumbe wangu ulikuwa punje nyekundu nyuma ya maelfu ya punje nyeupe, kila moja ikisema tu: nimepokea, nimepokea, nimepokea.

Ulifika ofisini saa nane na dakika ishirini mchana, ambayo kwa saa zao ni mbili na dakika ishirini. Mashine ikatafsiri maneno yangu neno kwa neno. Saa mbili na robo ikawa mbili na robo yao. Basi kwa aliyeusoma, Kagendo alifika mchana mbili na robo, akaandika, na ujumbe ukapita kwa dakika tano. Kila kitu kilikubaliana. Zamu yangu siku hiyo iliisha saa saba na nusu, na baada ya hapo nilikuwa kwenye basi, bila mtu wa kunishuhudia.

Wakampigia Tazmin. Akaja na ufunguo, akamkuta mama yake sakafuni kati ya kitanda na mlango wa choo. Kilikuwa kiharusi. Daktari akasema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa zake, na saa hizo zimepita. Mama Khurshid hakufa. Upande wa kulia umelala, na maneno yameondoka yote, ya Kiswahili, ya Kigujarati na ya Kiingereza.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Walikuwa watatu: Derek, Melissa, ambaye ni wa mambo ya wafanyakazi, na Kuria, na kompyuta yake mapajani. Nilipomwona Kuria moyo wangu ulitulia. Nilijisemea, mtoto wangu yuko.

Melissa alinionyesha karatasi. Ana sauti laini, kama ya kumwogesha mtoto. "Kagendo, hukwenda asubuhi. Ulikwenda baada ya zamu. Umeandika wewe mwenyewe. Mbili na robo."

"Mbili na robo ya asubuhi," nikasema.

"Mbili na robo ya asubuhi, watu wote wamelala," akasema Derek. Hakuwa anatania.

Kiingereza changu ni cha kazi: dawa, choo, maumivu, geuka pole pole. Hakikutosha kueleza kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka. Nilijaribu. Nilionyesha kwa vidole, nikasema jua, nikasema sita. Wakatazamana kama watu wanaoonea huruma uongo. Nikamgeukia Kuria.

"Kuria, waambie. Saa mbili ni saa ngapi?"

Alikuwa anatazama kompyuta. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Anti," akasema kwa Kiswahili, chini chini, "mimi nimeitwa hapa kwa mambo ya mitambo tu. Lugha si kazi yangu."

"Basi sema ya mitambo. Ujumbe ulisimama wapi?"

Derek akauliza ninasema nini. Kuria akamjibu kwa Kiingereza, na hicho nilikielewa: "Anauliza kuhusu kumbukumbu za mitambo. Kumbukumbu zinaonyesha ujumbe ulipokelewa mbili na dakika ishirini."

Hakusema uongo. Neno "ulipokelewa" ni la kweli. Alilichagua kama anavyochagua mahali pa kuweka kila kiatu.

Wakachukua simu, kwa kuwa ni mali yao, na ndani yake ndimo ulimokuwa ujumbe wangu. Wakaniandikia barua ya kuachishwa kazi: uzembe, na taarifa isiyo ya kweli. Nilipokwenda kwenye jengo la Mama Khurshid kuomba picha za kamera ya mlangoni, mlinzi alinihurumia, akasema hata akitaka hawezi, picha hazitolewi kwa mtu, na baada ya siku kumi hujifuta.

Mama Khurshid alihamishiwa nyumba ya wazee. Nilikwenda na chupa ya chai ya maziwa, ya iliki, kama anavyoipenda. Mapokezi waliniambia nisubiri. Aliyekuja alikuwa Tazmin, amevaa koti, macho mekundu. Alizungumza polepole ili nielewe.

"Usije tena, tafadhali. Mama alikupenda. Alikuwa anatuambia wewe ni kama mwanawe."

"Tazmin, nilikuja asubuhi. Saa mbili na robo."

"Ndiyo. Umesema mwenyewe. Mbili." Akainua vidole viwili mbele ya uso wangu. "Moja, mbili. Hicho Kiswahili nakijua, Kagendo."

Nikatoa karatasi ya friji mkobani, ile ya Kuria, nikamwonyesha. Saa tatu, saa kumi, saa tatu usiku. Akaitazama, akanirudishia.

"Hii ni karatasi tu. Mtu yeyote anaweza kuiandika."

"Muulize mama. Yeye anajua. Muulize chai tulikunywa saa ngapi."

Hapo alilia. Na mimi nikaona nimesema neno baya kuliko yote, kumwambia amwulize mama asiyeweza kujibu. Nilirudi na chupa ikiwa moto bado. Niliinywa ndani ya basi, yote, sijui kwa nini.

Kuria alikuja kwangu Jumapili ya pili baada ya hapo, kutoka kanisani. Alileta kilo mbili za unga na pakiti ya majani ya chai, akaziweka mezani. Akavua viatu, akavipanga. Akakaa pale pale alipokaa siku ya maharagwe, ndipo akanieleza habari za ratiba mpya na seva zilizozidiwa. Yote. Hakuficha hata dakika moja.

"Sasa foleni ziko mbili, anti," akasema. "Ya pili tumeijenga wiki hii. Ujumbe wa dharura una njia yake. Haitatokea tena."

"Kwa nani haitatokea?"

Akaisukuma pakiti ya majani ya chai upande wangu.

"Saa mbili ya kwangu ni saa ngapi, Kuria?"

"Nane asubuhi." Alijibu upesi, kama mwanafunzi.

"Kumbe unajua."

"Najua, anti."

"Nenda ukamwambie Tazmin. Sitaki kazi tena, wala sitaki barua. Nenda ukasimame mbele ya yule mtoto umwambie hayo tu."

Akashika kichwa. Akasema karatasi zake za kukaa nchini zimeombwa na kampuni, na bado hazijatoka. Akasema Derek ameshawaandikia wakubwa wa juu kabisa kwamba mitambo haikuwa na kasoro, na jina lililo chini ya mpango ni la Kuria. Akasema Phyllis, mkewe, ana mimba ya miezi sita. "Nikisema saa mbili ni nane asubuhi, wataniuliza ujumbe ulikuwa wapi saa sita zote hizo. Ukianza moja, lazima ufike ya pili."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo foleni zilivyo."

"Karatasi zikitoka, anti. Nakuahidi. Baadaye nitakwenda mwenyewe."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwenye meza hiyo hiyo. Nikamwambia achukue unga wake. Hakuuchukua. Alivaa viatu, akasimama mlangoni kama anayesubiri nimbariki, na nilishindwa hata kumfukuza. Nilimlea kwa chakula changu. Najua anavyonyamaza akiwa na hofu. Angekuwa mtu mwovu ningejua la kufanya.

Kanisani bado wanamwita Bwana Foleni. Mwezi uliopita mzee Elias alimsifu mbele ya watu, kwamba kijana wetu amejenga mtambo unaookoa wazee wa Toronto. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilitaka kusimama, nikajiuliza ningesema nini: kwamba saa zetu si saa zao? Hilo pale ndani wanalijua wote. Ambaye halijui ni mtu mmoja tu, na haji kanisani kwetu.

Sasa nafagia ofisi za watu karibu na uwanja wa ndege. Mama Khurshid, nasikia kwa mlinzi wa jengo lake la zamani, huwekwa dirishani kila asubuhi. Sijui kama huko wanampa chai, wala saa ngapi.

Ninachodai ni maneno machache, yasemwe kwa Kiingereza, ana kwa ana: "Tazmin, saa mbili na robo ya Kagendo ni nane na robo asubuhi kwa saa zenu, na ujumbe wake ulisimama kwa saa sita kwenye foleni niliyoipanga mimi." Anayestahili kuyasikia ni Tazmin. Anayedaiwa ni Kuria.